Baba wa miguu minane

Safari yangu ya kwanza kupiga picha vifaranga wa sile-maua, yule ndege atembeaye juu ya majani yanayoelea majini, Ziwa Naivasha, nilirudi na picha mia tatu na ushee, na hata moja haikufaa. Nilikuwa nimebeba tripodi. Sijui nani alinidanganya kwamba inafaa kwenye boti: injini ikinguruma, miguu yote mitatu inatetemeka na kamera nayo. Tena nilipiga nikiwa nimesimama, kwa hiyo vifaranga walionekana kama punje za kahawa zilizomwagika juu ya majani.

Mara ya pili tripodi ilibaki nyumbani. Nilishona mfuko kutokana na suruali kuukuu ya jinzi, nikatia kilo mbili za mchele, nikaulaza kwenye ukingo wa boti na kuegemeza lenzi ya milimita 400 juu yake. Mimi nikakaa sakafuni, nguo zikilowa. Sasa kamera ilikuwa chini, karibu na usawa wa maji, na kifaranga akawa na uso. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hufunguka kupiga picha, niliweka 1/2000 ya sekunde, maana boti haitulii hata injini ikizimwa. Fokasi nikaiacha kwenye kitone kimoja kidogo, la sivyo inanasa jani la mbele. Mwanga nikaupunguza kidogo, kwa sababu juani shingo nyeupe ya mzazi huungua pichani, ikabaki weupe mtupu.

Lakini aliyeniokoa hasa ni kapteni, mzee wa makamo asiyependa maneno mengi.

"Mama, ukimfuata utapiga mgongo tu," aliniambia. "Acha aje mwenyewe."

Akazunguka mbali hadi upande upepo unakotokea, akakagua maji kwanza kama kuna mapovu ya kiboko, ndipo akazima injini. Upepo wa asubuhi ukatusukuma taratibu kuelekea kwenye gugumaji. Kila tulipokaribia mafunjo alitusogeza nje kwa kasia. Viboko hujificha humo, na kwa hilo hakuwa na mzaha.

Nikamnong'oneza, "Mama yao yule pale."

"Huyo ni baba. Mama ameshaolewa kwingine."

Na ni kweli. Kwa sile-maua, jike hutaga, kisha huenda kwa dume mwingine. Dume ndiye anayeatamia na kulea. Vifaranga hutembea mapema mno, wakiwa na vidole virefu visivyolingana kabisa na miili yao. Mmoja alikanyaga kidole chake mwenyewe, akaanguka kifudifudi kwenye jani, akainuka kama hakuna kilichotokea. Picha hiyo ninayo, ingawa mkia umekatika.

Picha niliyoitaka ilikuwa nyingine: baba akiwa amewabeba watoto chini ya mabawa, miguu yao ikining'inia. Safari ya kwanza niliiona hali hiyo nikafurahi, kumbe alikuwa amewakusanya kwa kutuogopa sisi. Na furukombe, yule tai wa ziwani, alikuwa juu ya mgunga, anawatazama. Sikutaka tena kuipata kwa njia hiyo, kwa hiyo tulikaa tu. Saa nzima hivi. Boti ikisogea sana, kapteni anairudisha kwa kasia, bila kusema kitu.

Kwenye saa tatu manyunyu yakaanza. Nilikuwa naifunika kamera kwa mfuko wa nailoni nilipomwona baba amechuchumaa, mabawa ameyaachia kidogo pembeni, anaita kwa sauti ndogo. Wakaja mbio, mmoja, wa pili, wa tatu, wakajipenyeza. Hakuwa anatuangalia hata. Akainuka, akatembea. Nilihesabu miguu: miwili yake, sita ya watoto.

Nilipiga picha kumi na moja, tatu zikatoka safi. Mvua ilipokaza tukarudi, na jioni nikaupika ule mchele. Ulikuwa umeshaanza kuvimba.