Dhahabu ya Kilwa niliyoikuta Lisbon

Nimerudi chumbani miguu imevimba. Lisbon, mji mkuu wa Ureno, ni vilima tupu, na njia zake za vijiwe vyeupe vilivyosuguliwa na nyayo za watu zinateleza hata siku ya jua kali. Kesho alfajiri naondoka, kwa hiyo naandika usiku huu huu kabla mambo hayajanichanganyikia.

Siku ya kwanza nilizunguka kama kila mgeni anavyozunguka. Nikapanda hadi ngome ya São Jorge, nikaupiga picha mto Tejo, nikateremka kwa vichochoro vya Alfama. Jina hilo limetoka kwenye Kiarabu, lenye maana ya chemchemi za maji moto. Mji huu ulikuwa mikononi mwa Waislamu hadi mwaka 1147. Vichochoro vyenyewe utadhani uko Mji Mkongwe, Unguja: nguo zimeanikwa madirishani, bibi amekaa mlangoni anakutazama tangu unapojitokeza hadi unapokata kona. Nikafika pia Convento do Carmo, kanisa lisilo na paa tangu tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755. Matao yamebaki wima, juu yake ni mbingu tu. Wenzangu walishika vinywa kwa mshangao. Mimi nimekulia Kilwa Kivinje, magofu ni jirani zangu.

Kilichonichekesha ni lugha. Mhudumu mgahawani akasema "mesa", akanionesha meza. Nikaanza kuhesabu: bendera, kopo, leso, mvinyo, karata. Halafu kila mlango wa kanisa nikaona neno "igreja", nikakumbuka kwamba ndilo tulilolifanya gereza. Kule Kilwa Kisiwani, ukishuka kwenye mashua, jengo la kwanza kukukabili ni ngome, na jina lake ni Gereza. Wareno walijenga ngome hapo mwaka 1505, na iliyopo leo ni kazi ya Waomani waliokuja baadaye. Nililipita jengo hilo mara nyingi utotoni bila kujua kwamba ninatamka neno la kanisa.

Siku ya pili, Belém. Nilipanda tramu nambari 15 iliyojaa mpaka mlangoni. Mnara wa Belém niliutazama kwa nje tu, nikatafuta kichwa cha kifaru kilichochongwa chini ya kibanda kimoja cha mlinzi. Kimeliwa na upepo na chumvi, usipoambiwa hukioni. Kifaru halisi aliletwa hapa kutoka India mwaka 1515, mji mzima ukatoka kumwona.

Lakini niliyemfuata Belém yuko ndani ya kanisa la monasteri ya Jerónimos. Mfalme Manuel wa Ureno ndiye aliyelianzisha jengo hilo mwanzoni mwa karne ya 16, na sehemu kubwa ya gharama ilitoka kwenye ushuru wa bidhaa za Afrika na Mashariki. Mafundi wamechonga kamba za merikebu, mafundo, majani, hata matumbawe. Nilicheka peke yangu: hapa matumbawe yanachongwa kwenye jiwe yawe pambo, kwetu matumbawe ndiyo jiwe lenyewe, tumejengea misikiti.

Vasco da Gama, baharia wa Kireno, amelala karibu na mlango. Sanamu yake imelazwa chali juu ya kaburi, viganja vimekutanishwa kifuani kama anayeomba dua. Watu wanapita, wanapiga picha, wanaendelea. Mimi nikasimama. Kwetu maiti hasemwi vibaya, basi nikanyamaza, ila nilichokijua nilikijua. Mwaka 1502 mtu huyu alitia nanga Kilwa na kundi la merikebu zenye mizinga, akampa Amir Ibrahim, mtawala wa Kilwa, mambo mawili achague: alipe kodi ya dhahabu kila mwaka na kuwa chini ya mfalme wa Ureno, au mji upigwe mizinga. Amir akalipa. Miaka mitatu baadaye akaja Mreno mwingine, Francisco de Almeida, na mji ukaporwa vilevile.

Dhahabu ile ilikwenda wapi? Ndicho kilichonipeleka leo kwenye makumbusho ya sanaa za kale, mtaa wa Janelas Verdes, badala ya kwenda kununua zawadi.

Ipo. Imo ndani ya sanduku la kioo, kimo chake sentimita 73. Ni chombo cha Kikatoliki cha kuwekea hostia, ule mkate mwembamba wa ibada, wakati wa kuabudu ekaristi, kazi ya sonara Gil Vicente, iliyokamilika mwaka 1506. Mitume 12 wamepiga magoti kuzunguka mahali pa hostia, kila mmoja na uso wake. Chini kuna maua na ndege wa rangi, wadogo kiasi kwamba unalazimika kuinama. Na kitakoni yamezunguka maandishi yanayosema kwamba mfalme Manuel aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Quíloa.

Nilitaka kukasirika, hasira ikakataa kuja moja kwa moja. Kizuri ni kizuri. Tena Kilwa yenyewe haikuichimba dhahabu hiyo. Ilichimbwa bara, kwenye nyanda za Zimbabwe ya leo, ikateremshwa hadi Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, ikapandishwa kwa majahazi, na masultani wetu wakakata chao njiani. Ndiyo iliyojenga Husuni Kubwa, jumba la sultani kule Kisiwani. Mchimbaji hakuandikwa popote, si kwetu wala hapa. Hata hivyo, kutoza ushuru bandarini ni jambo moja, na kumwekea mtu mzinga mlangoni ni jambo jingine, na hilo la pili ndilo lililoandikwa kitakoni kwa fahari.

Nikampigia baba mdogo kwa simu ya picha. Yeye ni nahodha, amevusha wageni kwenda Kisiwani maisha yake yote.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Uko wapi humo mbona kunang'aa?"

Nikamweleza kwa sauti ya chini, mlinzi alikuwa ananiangalia. Nikaigeuza simu kwenye kioo, nikaizungusha polepole. Baba mdogo akakaa kimya muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika.

"Wameandika Kilwa?" akauliza.

"Wameandika Quíloa."

Akalitamka mara mbili, kama anayeonja chumvi ya mchuzi.

"Basi ndiyo sisi," akasema. "Hebu rudisha hapo kwenye wale ndege."