Mzee alinikataza kumpungia mtoto mkono

Udereva nilijifunza 2014, kipindi hicho nakaa Mbagala, Dar, na Kilwa Road haina hata dalili ya mabasi ya mwendokasi. Chuo chenyewe kilikuwa na Corolla moja imechoka, ina L nyekundu ya lena, yaani mwanafunzi wa udereva, mbele na nyuma, na upande wa mwalimu kuna breki yake. Mwalimu alikuwa mzee mmoja aliyeendesha malori ya Zambia miaka na miaka, mpole, hana papara, ila akishasema kitu harudii.

Siku moja tumekatiza barabara ya mtaani, ya lami, akaniuliza, "Binti, mbele kuna nini?"

Nikaangalia. Sikuona kibao wala nini. "Barabara tu mzee."

"Ile meza ya mihogo umeiona?"

Akanieleza kwamba pale kuna shule ya msingi nyuma ya ule ukuta, na kibao cha pembetatu chenye picha ya watoto kilikuwepo zamani, watu wa chuma chakavu wakang'oa mpaka nguzo. Sasa yule mama wa mihogo na pilipili, yule anayeuza ubuyu, yule wa aiskrimu na baiskeli yake, hao hawawezi kukaa sehemu isiyo na watoto, kwa hiyo hao ndo kibao, na hao hawaibiki. Mpaka leo nikiwa mji nisioujua naangalia meza kwanza.

Ilikuwa saa sita mchana, muda mbaya kuliko yote, maana shule zenye watoto wengi zinasoma kwa zamu, wa asubuhi wanatoka wa mchana wanaingia. Mzee akasema toa mguu kwenye mafuta, rudisha gia ya pili, nisivuke kilomita 30 kwa saa. Nikamwambia si sheria inaruhusu 50 mjini? Akasema 50 ni karibu mita 14 kila sekunde, yaani sekunde moja tu ushapita urefu wa basi zima, afu mtoto wa darasa la kwanza yeye hajui kupima spidi ya gari, anaona liko mbali basi anaingia.

Nyuma yetu daladala honi haikatiki, konda katoa kichwa, "We lena, kalale kwenu!" Jasho likanitoka. Kwangu mi shughuli ya kupita shuleni haikuwa breki, breki mtu yeyote anakanyaga, shughuli ni kuvumilia zile honi na matusi mguu ukae pale pale. Na hao hao makonda ndo wanaofanya wanafunzi wakimbie hovyo, nauli ya mwanafunzi ilikuwa 200 hawaitaki, wanawakwepa, wanasimama mbele ya kituo, sasa likitokea daladala moja lenye roho nzuri watoto wote wanalivamia bila kuangalia kulia wala kushoto.

Tukafika kwenye zebra, nikasimama. Upande wa pili pikapu nayo ikasimama. Kushoto kwetu kasimama binti mdogo, sketi ya bluu, kidumu cha maji mkono mmoja na fagio la chelewa mkono mwingine, anaingia zamu ya mchana. Dereva wa pikapu, baba mtu mzima anaonekana mstaarabu kabisa, akampungia mkono, pita mwanangu pita. Binti akashuka barabarani. Hapo hapo mzee akatoa mkono wote dirishani, kauchomoa mpaka begani, "Rudi! Rudi!" na bodaboda ikatokea nyuma yetu ikipita kushoto, kati ya gari na ukingo, ikafunga breki tairi likalia, ikasimama karibu kabisa na ule mkono. Binti alisharuka nyuma. Kidumu kikaanguka, maji yote lami, hakuumia hata kidogo, ila akaanza kulia kwa ajili ya maji, anaogopa atachapwa.

Bodaboda anamlaumu dereva wa pikapu, konda anatulaumu sisi, mzee hakumjibu mtu. Alikuwa kamwona bodaboda kwenye kioo chake kile cha mwalimu, mwenye pikapu asingeweza kumwona, gari letu na daladala vimemkinga. Akanunua maji pale kwa mama mihogo akajaza kidumu, tukaondoka.

Mbele ndo akasema. "Simama, subiri, ila usimpungie mtoto. Mtoto akiona mkono wa mtu mzima haangalii tena barabara, anaamini. Na we unajisemea mwenyewe, huwezi kumsemea bodaboda."

Kaka yangu hakubaliani na hili kabisa, anasema kutompungia mtoto ni roho mbaya, atasimama pale mpaka saa ngapi. Yeye anapunga mpaka leo, tena na honi juu, na kila tukipanda gari moja tukakuta zebra lazima tubishane.