Mstari mmoja kabla ya kuiacha kazi: uzoefu wangu wa kutunza muda na umakini

Nilikuwa na kazi ya uhasibu ya kutwa, tasnifu ya shahada ya uzamili iliyobakiza sura tatu, watoto wawili, na mama mzazi anayeishi mbali ambaye hupenda tuongee kwa simu. Ukipiga hesabu ya saa tu, vyote vilienea ndani ya siku. Ratiba niliyoibandika ukutani ilikuwa na nafasi ya kila kimoja. Ila ikifika jioni, kilichokamilika ni majibu ya ujumbe, na yale mambo manne yameguswa juujuu.

Kwa hiyo sikutengeneza ratiba nyingine. Nilichukua daftari dogo, nikaliweka kando ya kibodi, na kila nilipoacha jambo moja na kushika lingine niliandika vitu viwili: saa, na nani au nini kimenitoa. Wiki hiyo sikubadilisha chochote, niliandika tu. Sehemu ya ukurasa mmoja ilisomeka hivi: “3:10, mwenzangu ameuliza kuhusu ankara. 3:16, nimefungua barua pepe, hakuna aliyeniita. 3:25, simu, kuona kama nimejibiwa. 3:31, simu tena.”

Nilipoziunganisha kurasa hizo, mistari mingi haikuwa na jina la mtu. Nilikuwa nikijitoa mwenyewe. Gloria Mark, mtafiti wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, ambaye kwa miaka mingi amefuatilia watu wakiwa maofisini, alikuta jambo hilohilo: karibu nusu ya kukatizwa kazi huanzia kwa mtu mwenyewe. Alipima pia muda ambao mtu hukaa kwenye skrini moja kabla ya kuhamia nyingine. Mwaka 2004 wastani ulikuwa kama dakika mbili na nusu. Vipimo vya miaka ya karibuni vimeshuka hadi sekunde 47. Kujua hivyo kulinisaidia kwa sababu niliacha kulitazama jambo hili kama suala la bidii. Bidii nilikuwa nayo. Nilichokosa ni namna ya kuingia kwenye kazi na kutoka bila kuipoteza.

Nieleze kupotea kwenyewe kunavyokuwa, maana hapo ndipo penye uzito. Kila mwezi nalinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki. Salio la huku na la kule hukataa kukubaliana, na kazi yangu ni kutafuta sababu: hundi tuliyoandika lakini haijawasilishwa benki, makato ya benki ambayo hatujayaingiza, au kosa la uandishi. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, mhasibu hushuku kwanza tarakimu zilizopinduana, mfano 63 imeandikwa 36, tofauti yake 27. Sasa fikiria umeshaiona hiyo 27, umeshapunguza mahali pa kutafuta hadi kurasa mbili, kichwani una namba nne au tano zinazosubiri kupangwa, halafu ujumbe unaingia. Unajibu kwa dakika moja. Ukirudi, namba zipo kwenye karatasi lakini ule uzi wa kushuku haupo, na unaanza tena kutoka juu ya ukurasa.

Kuna upande wa pili ambao watu huusahau. Sophie Leroy alionyesha katika utafiti wa mwaka 2009 kwamba mtu akihama kazi kabla hajaimaliza, sehemu ya akili hubaki kwenye ile ya kwanza, na ile ya pili huifanya vibaya zaidi. Yaani hata yule mwenzangu aliyekuja na swali la ankara alikuwa hapati jibu langu zuri. Nilikuwa namtazama huku nawaza hundi.

Dawa iliyonifaa kuliko zote ni ndogo mno. Nisikubali kuiacha kazi kabla ya kuandika mstari mmoja: nimefika wapi, na nikirudi naanza na nini. Mtu akinijia namwambia, “Samahani, nipe nusu dakika,” naandika, halafu nageuza kiti kabisa namwelekea. Mstari wenyewe huwa hivi: “Nimefika malipo ya tarehe 14. Tofauti inagawanyika kwa 9. Anza na hundi za ukurasa wa pili.” Baada ya kuufanya kwa muda ndipo nilipokutana na kazi nyingine ya Leroy, aliyoifanya na Theresa Glomb na kuchapishwa mwaka 2018. Waliwapa watu kazi, wakawakatiza, na baadhi yao wakapewa nafasi fupi ya kuandika walipofikia na watakachofanya wakirudi. Hao ndio waliofanya vizuri zaidi kwenye ile kazi iliyowakatiza. Akili hukubali kuachia kitu ikiamini kimewekwa mahali salama.

Kwenye tasnifu niliutumia mstari huohuo kila nilipofunga kompyuta, na huko ulinisaidia hata zaidi. Zamani nusu ya kwanza ya kila kikao iliishia kwenye kujikumbusha nilipokuwa, na kujikumbusha huko hugeuka haraka kuwa kusoma makala mpya, jambo linalofanana sana na kazi. Sasa nakuta nimejiandikia: “Aya ya pili ya matokeo. Eleza kwa nini jedwali la 3 linatofautiana na la 2. Usisome makala yoyote leo.” Pia naacha nikiwa bado najua sentensi inayofuata. Kuiacha sentensi ninayoijua huuma kidogo, lakini hufanya kesho yake kuanza kuwe kwepesi.

Kuhusu kuchagua lipi litangulie, wengi huelekezwa kwenye jedwali la vyumba vinne, linalogawa mambo kwa uharaka na umuhimu wake, na linalopewa jina la Rais Eisenhower wa Marekani. Alilosema katika hotuba yake ya mwaka 1954 ni kwamba ana matatizo ya aina mbili, ya haraka na ya muhimu, na alisema ananukuu maneno ya mkuu wa zamani wa chuo. Jedwali lilikuja baadaye kwa mikono ya wengine. Kwangu halikufanya kazi, kwa sababu ofisini kila kitu hufika kikiwa kimevaa sura ya haraka, na kukijazia chumba chake ni kazi juu ya kazi. Nilibaki na swali moja: nikiliacha hili mpaka saa kumi, nani ataumia, na kwa namna gani? Mara nyingi jibu ni hakuna. Na pale ambapo yupo, namjua kwa jina, basi naliacha ninalofanya na kumhudumia bila kinyongo.

Swali hilo peke yake halikutosha, kwa sababu wengine walikuwa na mazoea ya kujibiwa papo hapo, na mazoea hayo tuliyajenga pamoja. Nilikwenda kwa mkuu wangu wa idara.

“Bosi, nina ombi dogo.”

“Nakusikiliza.”

“Asubuhi ninapolinganisha hesabu, ningependa ujumbe niusome saa nne na nusu, halafu saa nane. Kukiwa na jambo lisiloweza kusubiri, nipigie, nitapokea.”

“Na mteja akiwa amenisimamia hapa?”

“Hilo ndilo la kunipigia.”

Akafikiri kidogo, akasema tujaribu mpaka mwisho wa mwezi. Ningependa anayesoma hapa azingatie namna ombi lilivyokaa. Sikuomba nisisumbuliwe. Nilitaja saa ambazo nitapatikana, na nikaacha njia moja ya dharura ambayo inamgharimu mtu kidogo, kwa maana kupiga simu ni kazi kuliko kutuma ujumbe. Gharama hiyo ndogo ndiyo inayochuja. Simu zilizokuja zilikuwa chache, na karibu zote zilistahili. Najua si kila mtu anaweza kuomba hivi: muuguzi wa zamu au mtu wa mapokezi kazi yake ni kupatikana. Lakini hata huyo mstari wa “nimefika wapi” hakuna anayeweza kumnyima.

Simu ya mkononi nayo ilihitaji chumba chake. Kuinyamazisha hakukutosha, ikiwa mezani, mkono unakwenda wenyewe. Mwaka 2017 Adrian Ward na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya kwa watu ambao simu zao zilikuwa zimenyamazishwa. Wengine waliziacha mezani, wengine mfukoni au kwenye begi, wengine chumba kingine, na waliozipeleka chumba kingine walifanya vizuri kuliko walioziweka mezani. Waliolirudia jaribio hilo baadaye hawakupata matokeo yaleyale kila mara, kwa hiyo siliegemei peke yake. Naliegemea daftari langu: simu ilipohamia kwenye droo ya chumba cha pili, mistari ya “simu tena” ilikauka. Ujumbe na arifa nimezinyamazisha, lakini simu za kupigwa kutoka nyumbani na ofisini zinalia, na kwa wengine nimewasha ule mpangilio ulio kwenye simu nyingi unaomruhusu mtu akipiga mara ya pili ndani ya dakika chache asikike. Bila njia hiyo nisingetulia, ningekuwa nakwenda kuchungulia.

Mtindo wa kutega saa dakika 25 kisha kupumzika tano, aliouanzisha Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980 akiwa mwanafunzi, niliutumia na bado nautumia kwa kazi ninazozikwepa, kama kupanga marejeo. Kwa kuandika ni mfupi mno. Kengele hunikuta ndiyo kwanza aya inafunguka.

Makadirio ya muda yalikuwa suala gumu zaidi, na hapa nilisaidiwa na utafiti wa Roger Buehler na wenzake wa mwaka 1994. Waliwauliza wanafunzi waliokuwa wanamalizia tasnifu zao watachukua siku ngapi. Wastani wa makadirio ulikuwa karibu siku 34. Wastani wa muda waliotumia kweli ulizidi 55. Niliposoma hivyo niliacha kujiuliza kazi itachukua muda gani, nikaanza kuangalia iliyofanana nayo ilichukua muda gani. Daftari linayo majibu hayo. Sehemu ya mbinu za utafiti ilikula asubuhi nyingi kuliko nilivyodhani, basi sehemu ya majadiliano nikaipa idadi hiyohiyo na sikuongeza kingine juu yake. Siku zangu sasa zinaonekana tupu kwenye karatasi, na zinajaa vizuri zikianza kutembea.

Usiku nako kulikuwa na shida ya kichwa kukataa kufunga. Michael Scullin wa Chuo Kikuu cha Baylor na wenzake, mwaka 2018, waliwapa vijana 57 dakika tano kabla ya kulala: kundi moja liandike yanayowasubiri, jingine yale waliyokwisha kuyafanya. Walioandika yanayosubiri walipata usingizi kama dakika tisa mapema, na kadiri orodha ilivyokuwa bayana ndivyo walivyolala haraka. Kwangu hayo ni mambo matano au sita kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari lilelile, watoto wakishalala.

Na mama. Nilikuwa napokea simu yake huku macho yapo kwenye skrini, najibu “ehee” na “kweli?” mahali panapostahili. Alikuwa anatambua. Katikati ya habari zake angenyamaza, kisha aseme kwa upole, “Mwanangu, naona una kazi. Basi tutaongea siku nyingine.” Na zile “siku nyingine” zilikuwa nyingi. Sasa mimi ndiye ninayempigia, baada ya kutoka kazini, nikiwa natembea nje na sina skrini yoyote mbele yangu isipokuwa hiyo iliyo sikioni.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Leo una nafasi?”

“Ninayo, mama. Nimeshafunga kazi.”

Maongezi hayo si marefu kuliko ya zamani. Lakini mambo anayonieleza ni mengine kabisa. Ameanza kuniambia habari za goti lake, dawa anazomeza na zile anazoziruka, na mambo ya ndugu zake ambayo sikuwahi kuyasikia katika maisha yangu yote. Ukiniuliza katika haya yote ni lipi nililolihitaji zaidi, nitalitaja hili kabla ya tasnifu.

Wiki ya kufunga hesabu za mwezi ndiyo inayobaki kuwa ngumu. Hapo saa za kusoma ujumbe hazishikiki, kwa sababu kila idara inanisubiri nami nazisubiri. Sijaribu kuzilazimisha. Nashika mambo mawili tu, mstari wa daftari na simu kukaa mbali, na tasnifu naipumzisha kwa makusudi. Nilimweleza msimamizi wangu wa chuo tarehe hizo zilivyo, na badala ya kunidai sura mwanzoni mwa mwezi kama awali, akanipangia kuwasilisha katikati yake. Sura mbili zimeshapita kwake kwa utaratibu huo, na ya tatu iko kwenye majedwali.