Hata kwangu?

Rehema amejifungua Jumatano, mtoto wa kike, wote wazima alhamdulillahi, na wakaguzi wamemaliza vitabu vyetu wakaondoka bila kelele. Kwa haki ningeandika hayo. Lakini tangu Jumapili kuna maneno mawili yananizunguka kichwani kama inzi, tena ya mzee nisiyemjua hata jina.

Ile baiskeli ya shemeji ya tairi nene, niliyoipigia kelele hapa tangu aiteremshe kwenye lori, hatimaye nimepewa. Baba Salma akanifikisha na gari hadi Sipi, kwenye maporomoko ya maji ya Mlima Elgon, akaniacha. Nimeipanda, nawaambia, raha yake si mwendo. Tairi ina inchi 4, yangu ya kila siku ni 2 na kidogo. Upepo unaupunguza mpaka fundi yeyote wa Mbale angedhani una pancha, halafu inakanyaga mawe na mizizi kwa upole kabisa. Kupanda ndiyo adhabu. Watoto wanaotoka kanisani walinipita wakikimbia, wamevaa viatu vya ibada. Ndiyo nchi ya Cheptegei, yule bingwa wa mbio ndefu, sikuona aibu.

Chini ya maporomoko nikaingia kinjia cha miguu kati ya migomba na kahawa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, udongo mwekundu unang'aa. Nikashuka, nikasukuma. Hilo nataka lieleweke: nilikuwa nasukuma. Mbele yangu mzee ameinama na jembe.

"Habari ya leo, mzee."

"Nzuri, binti." Akaitazama baiskeli mbele na nyuma, akabonyeza tairi kwa kidole gumba. "Hii imeshiba. Ya kazi gani?"

"Ya milimani, mzee. Hii inapita popote."

"Hata kwangu?"

Basi. Nikacheka kile kicheko cha mtu asiye na jibu. Akarudi kwenye jembe lake, nami nikapita.

Sasa niambieni. Mtu akikuuliza kama utapita hata kwake, si anakukaribisha? Anataka kujua aweke chai au asiweke. Ningejibu, "Hata kwako mzee, ukinikaribisha," tungeishia kwenye viti vya mbao tukila ndizi. Lakini mtu aliyesimama kwenye mpaka wa kahawa yake na jembe mkononi akiuliza hivyohivyo, anakuonyesha mpaka. Sauti yake haikupanda wala haikushuka. Baba Salma anasema mzee alikuwa anatania. Rehema, amelala na uchungu wake na mtoto kifuani, alisema, "Angekukaribisha ungejua," akafumba macho. Hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu Rehema hakosei watu.

Jumatatu nilikuwa na hasira kidogo. Njia ile ni ya wote, punda wanapita na magunia, wanafunzi wanapita, kwa nini niulizwe mimi? Marehemu baba yangu alikula na kutusomesha kwa baiskeli, boda ya pale mpakani Busia, gunia nyuma na mteja juu ya gunia, na sidhani kuna aliyemuuliza baiskeli yake ni ya kazi gani. Ilionekana. Labda ndiyo jibu lenyewe: ya kwake ilikuwa na kazi, yangu ina hamu tu.

Halafu jana, katikati ya kujumlisha hati za malipo, nikakumbuka alichokuwa anafanya yule mzee. Kichwani nilikuwa nimemweka analima. Hakuwa analima! Alikuwa anachimba vijifereji vya mshazari kukata njia, kimoja hapa, kingine hatua chache chini, ili maji yatoke pembeni kabla hayajapata nguvu. Watu wa baiskeli za milimani Ulaya na Marekani wanafundishana jambo hilohilo: maji yakipata mfuo wa tairi yanaufuata, yanauchimba, msimu ukiisha njia imekuwa korongo. Anayefunga breki akaburuza gurudumu la nyuma kwenye mteremko ndiye anayewachorea maji barabara. Tairi nene halikuokoi. Hata huko kwenye theluji, ambako baiskeli hizi zilianzia Alaska watu wakiunganisha rimu mbili kupata upana, wana kanuni: tairi likiacha mfuo unaozidi inchi moja, hiyo si siku ya kuendesha. Na sisi wa mlima huu hatuhitaji kusomeshwa maji yanafanya nini kwenye mteremko. Bududa ya 2010, udongo ulipoporomoka ukafukia watu, hatujaisahau.

Nilifurahi peke yangu ofisini mpaka mwenzangu wa dirishani akauliza nimetumiwa pesa na nani.

Kwa hiyo vijana wa kikundi chetu cha baiskeli, mnaosoma hapa na kujifanya hamsomi: ile njia yenu mpya ya mbio mnayotaka kuipitisha palepale, mimi nasema tungoje ikauke, tukamwone mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, na twende na majembe. Anayeshuka humpisha anayepanda, na mbele ya punda unashuka kabisa, usipige kengele. Mkikataa, mtafuteni mhasibu mwingine wa kuwashikia michango. Mzee nitamrudia, na safari hii nitaulizia chai waziwazi.

Ila usiku huu mawazo yako Busia. Mama hapokei simu tangu asubuhi. Kaka anasema ni betri tu, lakini kile kisimu chake cha vitufe hukaa na moto siku tatu, na jana aliniambia ameichaji. Nimempigia jirani, naye anaita tu.