Klitschko, kutoka ulingoni hadi umeya

Vitali Klitschko, bondia wa Ukraine, nilianza kumhusudu 2003, alipopigana na bondia Mwingereza Lennox Lewis: amepasuka juu ya jicho, damu inamchuruzika, daktari anasimamisha pambano, na yeye anakuja juu, anataka kuendelea!

Siasa ndiyo ilimtoa jasho. Aligombea umeya wa Kyiv, mji mkuu wa Ukraine, 2006, akaambulia udiwani. 2008 akaangushwa tena. Na huyu ngumi za kulipwa alipoteza mara mbili tu. Januari 2014 alijitosa kati ya waandamanaji waliopinga serikali na polisi kuwatuliza, akapuliziwa unga wa kizimamoto usoni. Mei akachaguliwa meya.

Sasa anahangaikia mabomba ya joto na umeme unaokatwa na makombora ya Urusi. Lawama nazo haziishi, nyingine za haki kabisa.