Nilivyojifunza ukalimani wa lugha ya alama kwa kufunika mikono

Nilipoanza shahada ya ukalimani wa lugha ya alama, aliyenitangulia chuoni alinishauri nikariri alama nyingi kadiri nitakavyoweza, kwa kuwa mengine yangekuja yenyewe. Ushauri huo ulinipotezea karibu mwaka mzima, na hadi leo huudhika nikisikia mwanafunzi mpya akipewa.

Alama nilizikariri kweli, na majina nikayatahajia kwa vidole usiku na mchana. Kisha likaja zoezi la kwanza mbele ya mwalimu kiziwi. Mhadhiri anayesikia aliuliza, “Mmeshapata vitabu?” Mikono yangu ilitoa kila alama kwa usahihi, lakini uso ulibaki mkavu. Mwalimu akaitikia kwa kichwa na kungoja sentensi inayofuata, maana kwake nilikuwa nimemwarifu kwamba vitabu vimeshapatikana, huku mhadhiri naye akingoja jibu. Walitazamana, kisha wote wawili wakanigeukia mimi. Kosa lilikuwa kwenye nyusi: katika lugha nyingi za alama, swali la ndiyo au hapana huulizwa kwa kuziinua, na alama zile zile zikitolewa bila kuziinua huwa taarifa tu.

William Stokoe, ambaye mwaka 1960 alionyesha kwamba lugha ya alama ya Marekani ni lugha kamili, alizichambua alama kwa umbo la kiganja, mahali na mwendo. Watafiti waliomfuata ndio walioupa uso uzito katika sarufi. Nami nilikuwa nimeishia mikononi.

Dawa niliipata kwa simu na kipande cha karatasi. Nilijirekodi nikifasiri hotuba fupi, kisha nikaifunika sehemu ya chini ya kioo cha simu ili ubaki uso peke yake, nikampa rafiki yangu kiziwi atazame. Kazi yake ilikuwa kuniambia wapi nimeuliza, wapi nimekanusha na wapi nimeweka sharti. Siku ya kwanza hakutambua hata swali moja. Tulirudia kila jioni kwa majuma mengi, bila gharama ya kutajika zaidi ya muda wake, ambao sitaweza kuulipa, mpaka akawa anazitenganisha sentensi zangu bila kuona kidole.

Kusikiliza huku ukifasiri sentensi iliyopita ni mazoezi tu, na kupokezana na mwenzako kila baada ya dakika 20 hivi ni lazima, kwa kuwa akili ikichoka uso ndio hutangulia kufa.

Katika mtihani wa mwisho mwalimu yule yule alikaa mbele yangu. Mhadhiri aliuliza kama kuna asiyeelewa. Nyusi zangu zikapanda pamoja na alama, na mwalimu akainua mkono, akauliza swali lake.