Siku moja maishani mwangu: nahodha wa boti ya mpira na wafanyakazi wa ofisi moja ya Nairobi, Mto Nile, Jinja

Saa 11:30 alfajiri

Kabla ya chai naenda ukingoni kuangalia maji. Tunafanyia kazi chini ya bwawa la Bujagali, lililoanza kutoa umeme mwaka 2012, kwa hiyo kina cha mto hakitegemei mvua ya jana peke yake. Kinategemea pia maji mangapi yanapitishwa kwenye mitambo, na yanaweza kupanda na kushuka ndani ya siku moja. Pale tunapoanzia kuna jiwe la alama. Likiwa limefunikwa lote, mawimbi yatakuwa makubwa lakini yenye njia pana. Likitoa kichwa, miamba ya pembeni iko karibu, na boti inaweza kulalia jiwe. Maelezo ninayowapa wageni hubadilika kufuatana na hali hiyo, ndiyo maana jibu nalitaka kabla hawajafika.

Natazama pia kusini, upande wa Ziwa Victoria. Ziwa hupika radi usiku na mara nyingine mabaki yake hufika kwetu asubuhi. Kanuni yetu ni nyepesi: ukiona mwanga na ngurumo ikafuata kabla hujahesabu hadi 30, hakuna anayeingia majini, na tunasubiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Wageni wakinuna, wanune.

Saa 12:30

Kujaza boti. Boti ya watu saba na nahodha ina mirija ya pembeni iliyogawanywa vyumba, mirija ya kukatiza katikati, na sakafu. Usijaze chumba kimoja mpaka mwisho kisha ukahamia kingine, maana kuta za ndani zitavutwa upande mmoja na kuchoka mapema. Jaza kila chumba nusu, zunguka, kisha rudia mzunguko hadi paundi 2 au 2.5 kwa inchi ya mraba. Mirija ya katikati inafuata, sakafu mwisho. Sakafu ina vali inayojifungua yenyewe hewa ikizidi, na kila wiki kuna mgeni anayesikia ule mlio akadhani boti imetoboka. Nawaeleza mapema.

Asubuhi hii ya baridi boti huachwa laini kidogo. Hewa hupanuka juani, na boti iliyokazwa alfajiri ikasahauliwa ukingoni mpaka saa sita inaweza kuachia gundi kwenye maungio. Ikiingia majini hupoa na kulegea tena, kwa hiyo pampu inasafiri nasi.

Saa 2:00 asubuhi

Wageni wanafika. Walivuka Busia jana kwa basi wakiwa na vitambulisho vyao vya Kenya na kadi za homa ya manjano, wakalala Jinja mjini. Julai Nairobi ni sweta na mawingu. Huku kwetu ni kiangazi, jua la karibu na ikweta linapiga kutoka juu na kutoka kwenye maji. Mtu aliyetoka kwenye baridi hahisi kiu mapema, hanywi maji, hapaki losheni, na saa nane mchana kichwa kinamuuma. Nusu lita ya maji kwa kila mtu sasa hivi, huku naona. Losheni ipakwe nyuma ya magoti na juu ya mapaja pia, kwa sababu ukikaa kwenye boti hapo ndipo panapoungua. Mikono ipanguswe mchangani baadaye, kasia lisiteleze.

Kiamsha kinywa ni rolex, yaani chapati moja iliyoviringishwa na mayai mawili. Inatosha. Aliyekunywa pombe usiku kucha anabaki nchi kavu, hata kama ameshalipa.

Kisha fomu, na hapa kundi la watu wa ofisi moja lina jambo lake. Familia au marafiki wataropoka kila kitu mbele ya wenzao: huyu ana pumu, yule haogelei. Wafanyakazi hawasemi. Meneja amesimama hapo, mtu wa rasilimali watu ndiye anayekusanya fomu, nani atataka kuandika kwamba ana kifafa au kwamba bega lake limewahi kuteguka? Ndiyo maana fomu nazikusanya mwenyewe na kumwita kila mtu pembeni kwa dakika moja. Nauliza mambo manne: moyo na kifua, bega, mimba, na kama anaogopa maji. Dawa ya kuvuta ya pumu inaingia kwenye mfuko wangu usiopitisha maji. Bega lililowahi kuteguka linaweza kuteguka tena kwa kushika kamba mkono ukiwa juu ya kichwa, kwa hiyo huyo namweka kwenye boti kubwa ya mizigo, ambayo nahodha huiendesha peke yake kwa makasia marefu na abiria hushika tu. Mjamzito haingii kabisa, na sababu haitangazwi. Nasema, "Dada huyu atatusaidia na picha kutoka juu," na mjadala unaisha.

Asiyejua kuogelea anaweza kwenda. Anayelazimishwa na wenzake, hapana. Yule anayesema "twende tu, usituaibishe idara" huwa namkatisha hapo hapo kwa heshima, kwa sababu mtu aliyeingia kwa aibu hatasikia amri hata moja hofu ikimkaba.

Saa 2:45

Majaketi okozi. Jaketi letu humwinua mtu kwa takriban kilo 10, lakini tu kama halipandi. Mikanda inakazwa kuanzia kiunoni kwenda juu. Ukianza ya kifuani, jaketi hukaa juu ya tumbo na ukiwa majini litakupita masikioni. Baada ya kukaza, nashika mabega ya jaketi kwa mikono miwili na kuvuta juu kwa nguvu. Likigusa kidevu, tunaanza upya. Mgeni huniambia anabanwa. Namwambia apumue kwa kina mara tatu. Akiweza, liko sawa. Kila mmoja namkagua kwa mikono yangu, bosi na dereva vilevile, na nikimaliza hakuna ruhusa ya kulegeza klipu.

Helmeti: ivae hadi vidole viwili juu ya nyusi, mkanda chini ya kidevu. Miwani ifungwe kwa kamba. Pete na bangili zivuliwe, zibaki nchi kavu. Malapa hapana, viatu vya kamba nyuma ya kisigino au raba kuukuu.

Kupanga viti ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Watu wa ofisi hukaa kwa vyeo bila kuambizana: bosi mbele, wakubwa wakubwa nyuma yake, kijana wa mafunzo kazini mwisho karibu nami. Navunja. Wawili wa mbele ndio wanaoshika mapigo, wote wengine huwafuata wao, kwa hiyo nataka watu wawili wenye mwendo mmoja usioyumba. Nguvu si kitu. Mara nyingi anayefaa ni mtu mtulivu wa uhasibu. Wazito nawagawanya kushoto na kulia, boti isije ikajipinda kila tunapopiga kasia. Bosi namweka katikati: "Mzee, kaa hapa, mfuate dada aliye mbele yako." Akiwa mbele, timu nzima humtazama yeye kwanza kabla ya kutii sauti yangu, na hiyo sekunde moja kwenye maporomoko ni ndefu.

Saa 3:15

Mazoezi kwenye maji tulivu, angalau dakika 30. Amri ni chache: mbele, nyuma, simama, shika, chini. "Shika" ni mkono mmoja kwenye kamba ya pembeni, mwingine bado juu ya kasia. "Chini" ni kushuka sakafuni, magoti ndani, kasia nje. Mkono wa juu hauachi kishikio cha mwisho wa kasia hata kidogo, maana kishikio kinachorukaruka ndicho kinachovunja meno ya jirani.

Amri ya sita ni "jiweni". Boti ikilalia mwamba, mwili wa binadamu hutaka kulikimbia jiwe. Ukilikimbia, uzito wote huenda upande ambao maji yanatokea, mto unaukandamiza mrija huo, unauzamisha, na boti inajikunja kwenye jiwe kama chapati kwenye mkono wa muuza rolex. Kwa hiyo "jiweni" maana yake wote ruka kuelekea jiwe, upesi, bila kuuliza. Tunairudia mpaka wanaruka pamoja.

Halafu naipindua boti makusudi. Nasimama juu ya mrija, navuta kamba, na wote wanaingia majini. Maji ya Nile hapa ni ya uvuguvugu, si adhabu. Ukitokea chini ya boti, kuna hewa kidogo. Weka viganja juu, sukuma upande mmoja tu bila kubadili nia, utatoka pembeni. Ukishatoka, shika kamba ya nje, lakini upande wa juu wa mto, usije ukabanwa kati ya boti na mwamba. Ukiwa mbali na boti: lala chali, miguu juu na mbele, vidole vyako vionekane. Usijaribu kusimama kwenye maji yanayokimbia. Mguu ukinasa kati ya mawe, mkondo utakusukuma kifudifudi na jaketi halitakusaidia. Ukitupiwa kamba, shika kamba yenyewe, si mfuko wake, ipitishe begani, geuka chali. Usiizungushe kwenye kiganja hata kama unateleza.

Saa 4:00 hadi 6:00

Sasa mto wenyewe. Uzuri wa Nile hapa ni maji mengi na kina, na kati ya poromoko na poromoko kuna maji tulivu ambapo aliyeanguka huokotwa. Kayaki za uokoaji, vijiboti vyembamba vya mtu mmoja, hutangulia na kusubiri chini. Ukifikiwa na kayaki, shika kishikio cha mbele na uache mwenye kayaki apige kasia. Ukimkumbatia yeye mtazama wote.

Kabla ya poromoko kubwa kama Overtime, ambapo maji hushuka ghafla, tunasimama kwenye maji tulivu na narudia njia: kushoto kwa mwamba, mbele kwa nguvu mpaka niseme chini. Kosa la wageni karibu siku zote ni moja. Wimbi likiinuka mbele yao huacha kupiga kasia na kutazama. Boti isiyosukumwa hupunguza mwendo, wimbi huigeuza ubavu, na ubavu ndio unaopinduka. Kasia lililo ndani ya maji pia ni la kushikilia. Anayepiga maji haanguki upesi kama anayeshika hewa.

Poromoko la Itanda hatulishuki. Ni daraja la 6 kwenye kipimo cha kimataifa, la mwisho kabisa. Tunatoka, boti zinabebwa na vijana wa kijiji ambao hulipwa kwa kazi hiyo, na wageni wanatembea pembeni. Miamba ina moto na utelezi, viatu vile vya kamba vinaonyesha thamani yake. Itanda na Kalagala, ng'ambo yake, ni mahali pa ibada za wenyeji. Nawaomba wageni wasichezee wala kubeba chochote wanachokikuta kimewekwa.

Kulikuwa na mawimbi mengine huko chini ambayo baadhi yake yamefunikwa na maji ya bwawa la Isimba lililozinduliwa 2019. Anayekuja na ramani ya zamani namwambia hivyo asubuhi, asije akangoja kisichokuwepo.

Saa 7:30 mchana

Chakula: samaki aina ya ngege wa kukaanga, matoke, mboga, na maji tena. Wengine voliboli.

Saa 9:30

Wanaotaka tunawapeleka kwenye maji tulivu juu ya bwawa kusimama kwenye mbao na kupiga kasia. Miguu iwe upana wa mabega, katikati ya ubao, macho mbele. Anayetazama vidole vyake ataanguka. Bapa la kasia lina pembe, na pembe hiyo ielekee mbele. Wengi hulishika kinyume wakichoka bure. Mchana upepo huamka, kwa hiyo tunaanza kwa kuukabili ili kurudi uwe mteremko. Kamba inayofunga kifundo cha mguu kwenye ubao inafaa hapa tu. Kwenye mto unaokimbia hainifai, ikinasa kwenye mti huwezi kujifungua.

Tunakaa mbali na matete. Konokono wa kichocho hupenda maji yaliyolala kwenye mimea, na hapo hatari ni kubwa kuliko katikati ya mto. Wakitoka wajikaushe kwa taulo mara moja.

Saa 11:00 jioni

Kabla basi halijaondoka nawapa mambo mawili ya kuandika kwenye kalenda. La kwanza: vipimo au dawa ya kichocho, prazikwanteli, wiki sita hadi nane baadaye, yaani Septemba kwa kundi hili. Ikimezwa kesho haisaidii, kwa sababu minyoo michanga haifi kwa dawa hiyo, na kipimo cha dawa hospitali hukipanga kwa uzito. La pili: homa yoyote baada ya wiki moja na kuendelea, mwambie daktari ulikuwa Jinja, apime malaria. Daktari wa Nairobi asipoambiwa anaweza kuitafuta baada ya mengine.

Saa 12:00 jioni

Hewa inapunguzwa, boti zinasuguliwa kuondoa mchanga, maana mchanga ulioganda kwenye maungio ya sakafu hukata mpira polepole. Kamba za kutupa zinatolewa zote mita 20 kwenye mifuko, zinaning'inizwa kivulini, kisha kesho zinarudishwa kwa kusokomeza, si kwa kuviringisha, ili zitoke bila fundo. Helmeti zinahesabiwa. Jaketi lenye klipu iliyopasuka linafungwa kitambaa chekundu na kuwekwa chumba kingine, lisivaliwe na mtu kwa bahati mbaya.

Kundi la kesho ni walimu kutoka Kisumu. Simu ya mratibu wao naipiga sasa: kila mwalimu anitumie mwenyewe ujumbe kuhusu afya yake, usipitie kwa mkuu wa shule.